Mstari Mwekundu wa Langoni

Mwanangu alizaliwa mrefu. Mkunga alimpima, akasoma utepe, akaugeuza akasoma tena, nami nikampenda mama yule papo hapo, kwa sababu hata mimi kazi yangu naifanya hivyo: kila kitu mara mbili. Nauza mbuzi. Ukiwahesabu mbuzi mara moja tu jioni, asubuhi utabaki na hadithi.

Alipotimiza miaka miwili alikuwa anafikia kitasa cha mlango. Watu wa Kasese, mji wetu huku Uganda, wakimkuta nje ya nyumba walimtuma, "Kijana, niitie baba yako," naye akawatazama huku ananyonya kidole. Minong'ono ikaanza kwamba ana akili nzito. Mtoto mkubwa vile, wa kwenda shule, hajui hata kutaja jina lake! Mwanzoni nilieleza, mwishowe nikachoka. Mke wangu alimfunga uzi mweusi kifundoni, mimi nikaufungua, yeye akaufunga tena.

"Mtoto anayeonekana kabla ya wakati wake," alisema mama mkwe wangu wa Bwera, mpakani mwa Kongo, "anaonekana na kila mtu."

Nilidhani ni methali ya Kikonzo, lugha ya kwao. Baadaye niliulizia, nikaambiwa hakuna methali kama hiyo. Ilikuwa hofu yake tu, ameipanga vizuri.

Haya ninayoyasimulia yalitokea katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Ilikuwa miezi ambayo watu wa upande wa Beni, Kongo, walikuwa wakikimbia vita na kuvuka mpaka na magodoro kichwani, na redio kila jioni ilitaja watoto waliopotea, nguo walizovaa na lugha wanazosema. Kasese nako mvua ilikuwa inajikusanya juu ya milima. Tangu mto ulipofurika na kutushukia na mawe yake, mtu wa Kasese akisikia ngurumo juu ya milima ya Kilembe hunyamaza katikati ya sentensi, husikiliza, halafu humalizia alichokuwa anasema kwa sauti ya chini zaidi.

Kabla ya Idi hiyo nilikuwa nimeshinda sokoni nikifungua midomo. Mbuzi wa kuchinja lazima awe ametimiza mwaka, na mbuzi hana cheti cha kuzaliwa. Ana meno. Unamshika taya, unabonyeza pembeni kwa kidole gumba, unainua kichwa kielekee mwanga. Mnunuzi akiona meno mawili makubwa ya mbele yamechukua nafasi ya yale ya maziwa, ubishi umekwisha. Wanaletwa mbuzi wakubwa ambao ni watoto, na wadogo ambao ni wazee. Mwili unadanganya. Meno hayadanganyi. Nililisema hilo mara nyingi mno wiki ile, na maneno unayoyarudia sana mwishowe yanaingia mkononi.

Idi ilipokwisha, mke wangu akaenda Bwera kwa mama yake ili mtoto aachishwe ziwa. Kwetu ndivyo inavyofanywa: mama anaondoka na harufu yake, mtoto analia, baba anajifanya kiziwi. Alilia mpaka sauti ikafanana na ya bidhaa zangu. Jirani akaniambia, "Bosi, mpeleke kwenye bembea, atasahau." Kwenye njia ya kwenda mtaa wa Bulembia kulikuwa kumefunguliwa bustani ya michezo, na ndani yake kigari-moshi cha rangi, farasi wa chuma wanaozunguka, na nyumba ya mpira inayojazwa upepo watoto warukeruke. Nikambeba.

Langoni kulikuwa na kibao: watoto walio chini ya miaka mitatu, bure. Nilikisoma mara mbili. Kando ya kibao ilisimama nguzo nyeupe yenye mstari mwekundu, na kando ya nguzo alisimama mlinzi, mwanajeshi aliyestaafu ambaye viatu vyake havikuwa vimeambiwa habari hiyo. Kila mtu alimwita afande.

Alimsimamisha mwanangu kwenye nguzo. Kichwa kikauvuka mstari.

"Mzee, toto hii inalipa."

"Afande, soma kibao chako. Chini ya miaka mitatu, bure. Huyu ana miwili na miezi miwili."

"Mimi nasoma mustari."

"Mstari haukuwepo alipozaliwa."

"Miaka mbili, urefu hii? Unalisha yeye nini, mbolea?"

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, maana mnunuzi akicheka bei huwa inashuka. Tiketi yenyewe haikufika hata bei ya kilo moja ya mbuzi, lakini bure ni bure, na safari hii nilikuwa na haki. Nikamwekea mkono begani. "Nakuambia ukweli wa Mungu, afande."

Sasa, maneno hayo nimeyasema miaka mingi sokoni, na nadhani yana harufu. Akautoa mkono wangu begani.

"Toto! Shika sikio!"

Ni kipimo cha shule za zamani, kilichotupima sisi sote: mkono unapita juu ya utosi, na vidole vikifika sikio la upande wa pili, umeshakuwa mkubwa. Mwanangu hakuelewa. Alinyoosha mkono akalishika sikio la afande. Foleni ikacheka tena, na hapo afande aliacha mzaha. Akauchukua mkono wa mtoto mwenyewe, akaupitisha juu ya kichwa, akakiinamisha kichwa mpaka kidole kikagusa ncha ya sikio.

"Imefika."

"Afande, ukimkunja hivyo hata mbuzi atashika sikio."

Alichuchumaa, akamwangalia mtoto usoni, akanyoosha kidole kwangu. "Huyu ni nani?"

"Bosi," akasema mwanangu.

Ndilo jina ninaloitwa sokoni. Ndilo analonitania nalo mama yake. Mtoto anayejifunza kusema huokota anachokisikia, na "baba" nyumbani kwetu halikuwa likisikika sana. Lakini pale langoni neno hilo lilitua vibaya. Mama mmoja kwenye foleni akamvuta mwanawe karibu na sketi yake.

"Bosi," alirudia afande taratibu. Akakilaza kiboko chake kukatiza lango. "Toto kubwa namna hii, haijui baba yake?"

Ndipo nilipofanya lile ambalo nadhani ni mfanyabiashara wa mbuzi peke yake ambaye angelifanya. Nilimshika mwanangu taya, nikabonyeza pembeni kwa kidole gumba, nikainua kichwa chake kielekee mwanga.

"Tazama meno!" nikasema. "Magego ya mwisho bado! Tazama huku, na huku! Meno yote ya maziwa, hakuna hata moja lililobadilika. Mwili unadanganya, meno hayadanganyi!"

Nilitegemea yule afande ainame achungulie. Alirudi nyuma hatua moja.

"Anamwonyesha kama mbuzi," mtu akasema nyuma yangu.

"Anauza," mwingine akasema.

Neno hilo lilishuka kwenye foleni kutoka mdomo hadi mdomo, na kila lilipopita watu waliacha kusogea mbele, wakaanza kusogea pembeni, mpaka hapakuwa tena na foleni, palikuwa na duara. Nimekulia sokoni. Najua watu wanaokusanyika kununua, na najua wanaokusanyika kwa jambo jingine: wa pili hawasukumani, wanapeana nafasi. Kwa mwizi wa mbuzi watu hutafuta mawe. Kwa mwizi wa mtoto hawatafuti, wanakuwa nayo tayari.

Nikamwachia mwanangu taya. Akalia kidogo, akaangalia huku na huku, halafu akaniacha.

Kando ya lango alikaa mama Mkongomani aliyeuza karanga za kukaanga, beseni mbele yake, rozari shingoni. Wengi pale walimjua: alikuwa amevuka kutoka upande wa Beni, na njiani alipoteza mtoto wa kiume wa miaka sita. Mwanangu alizifuata karanga. Alifika, akasema, "Mama." Kila mwanamke kwake alikuwa mama wakati huo. Yule mama alimtazama kutoka vidole vya miguu mpaka utosini, kisha akafungua mikono. Mwanangu akapanda mapajani, akaweka shavu kifuani kwake, akatulia. Hakuwa ametulia hivyo tangu mama yake aondoke.

Mwendesha bodaboda mmoja akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kukiharibu anachokiona, "Jamani. Si yule wake aliyepotea?"

Duara likageuka kumtazama yule mama.

Afande akamsogelea. "Mama, hii toto ni yako?"

"Iko na usingizi," akajibu yule mama.

"Nauliza. Ni yako?"

"Muache alale kwanza."

Hakusema ndiyo. Lakini mimi nilichokisikia ni kwamba hakusema siyo, na katika biashara, asiyeikataa bei ameikubali. Jambo lenyewe lilikuwa limegeuka mbele ya macho yangu. Kama mtoto alikuwa na miaka miwili, alikuwa wangu. Kama alikuwa na sita, alikuwa wa mama yule, na mimi nilikuwa mwizi. Na mstari mwekundu ulikuwa umeshasema si miwili.

"Vua viatu," afande akaniambia. "Keti chini."

Nilivua. Nchini kwetu mtu akishavuliwa viatu, kila apitaye huamini kesi imeshasikilizwa.

"Leta mama ya toto hapa. Jua likizama bila yeye, tunatembea polisi." Akaliangalia duara, akapunguza sauti. "Na mimi ni mutu mumoja, mzee. Njia yote hiyo sitaweza kukuzibia hawa watu."

Nikampigia mke wangu. Hapatikani. Bwera ndivyo ilivyo: simu ikiwa upande mmoja wa nyumba inashika mtandao wa Uganda, ikiwa upande wa pili imeshavuka kwenda Kongo bila pasipoti. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia mama mkwe.

"Usimlete!" alipaza sauti kabla sijasalimia. "Akilia vumilia! Wanaume mnalainika upesi!"

"Mama, kuna watu hapa wanasema si mtoto wangu."

Sauti yake ikashuka.

"Watu wangapi?"

Niliwahesabu. Nikarudia, kwa mazoea. "Wengi, mama."

"Anakuja," akasema, akakata.

Kutoka Bwera hadi Kasese si mbali ukiwa na viatu. Niliketi vumbini nikaiangalia barabara. Ngurumo ikapita juu ya Kilembe na duara lote likanyamaza kusikiliza, kisha likarudi kwangu. Ndani ya bustani muziki wa farasi wa chuma uliendelea, wimbo uleule ukifika mwisho na kuanza upya. Yule wa bodaboda alikuwa ameokota jiwe, analirusha juu na kulidaka, bila hasira, kama mtu anayepima uzito wa kitu atakachokinunua. Nilimsalimia. Hakuitikia. Salamu ya mtu asiye na viatu haina jibu.

Yule mama wa karanga hakuangalia yeyote. Aliuacha mguu wa mwanangu ulale juu ya mguu wake, akaunyoosha, akaupima kwa shubiri kuanzia kisigino: moja, nyingine, nyingine. Alipofika gotini alisimama, akafumba macho. Kisha akaanza upya kutoka kisigino. Nilijiona mwenyewe katika mkono ule. Mtu hapimi mara mbili kitu asichotaka kuondoka nacho.

"Mama yangu," nikamwambia, "mwambie afande. Unajua si wako."

Aliokota karanga, akaipuliza ganda. "Papa," akasema, "usiniongeleshe."

Jua lilikuwa limeshagusa milima pale lori la Fuso lililobeba kahawa liliposimama barabarani na mke wangu akashuka kutoka mbele, kando ya dereva, ushungi umemteleza, amevaa kandambili za mama yake, mbili zisizofanana. Hakumsalimia mtu. Aliita jina la mtoto mara moja.

Mwanangu aliamka. Alishuka mapajani mwa yule mama, akakimbia kwa ile miguu mirefu ambayo bado haikujua kukimbia, akaanguka, akasimama, akamfikia. Na alichokifanya pale, mtoto wa miaka sita hakifanyi: alishika gauni la mama yake kifuani, ambako maziwa ya siku zote zile yalikuwa yamelowanisha kitambaa, akavuta kwa nguvu zake zote, akapiga kelele ya madai. Mke wangu akaketi palepale chini langoni, akavuta ushungi, akamfunika. Kilichoonekana ni miguu tu. Ilitoka chini ya ushungi, ikanyooka vumbini, mirefu ajabu, na kiatu kimoja kikadondoka. Halafu tukasikia anavyomeza.

"Yesu!" bibi mmoja akasema. "Ngongoti na bado ananyonya!"

Kicheko kilianza kwake, kikazunguka duara. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko kilichochekesha. Katikati yake nilisikia mawe yakiangushwa, moja huku, moja kule, taratibu, kama watu wanaoweka chini vitu ambavyo hawakuwahi kuvishika. Yule wa bodaboda akaniambia, "Pole, bosi," akawasha pikipiki yake.

Afande aliniletea viatu mwenyewe. "Hii ni toto kabisa," akasema, akainua kiboko langoni. "Ingia. Bure."

"Bure nini?" mke wangu akauliza.

Nikamwonyesha kibao. Alikisoma, akanitazama mimi, akakisoma tena.

"Kwa sababu ya tiketi?"

"Nilikuwa na haki," nikasema.

"Ulikuwa nayo," akasema. "Hata maiti huwa nayo."

Hatukuingia. Nilikuwa nafunga viatu, pale kivuli kilipoanguka juu yangu. Yule mama wa karanga alikuwa ameleta kiatu cha mtoto kilichodondoka. Amekipangusa vumbi.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Uliona meno. Ulijua."

"Nilijua." Alichuchumaa karibu nami, akasema polepole, macho kwenye kile kiatu. "Ningesema si wangu, ungemubeba. Ningesema iko wangu, wangekuua. Njo nikanyamaza. Nilitaka tu alale pale kidogo."

Nikaacha kufunga kamba.

"Wangu alikuwa murefu, papa. Sawa huyu. Miaka sita, batu wakisema kumi. Ku bariyeri, kule banafunga barabara, bale ba bunduki balisema iko na kumi na mbili, anaweza kubeba muzigo yao. Nikaapa. Walisema, mama, unadanganya ili apite. Nikamufungua kinywa, vile wewe ulifanya leo, waone jino ya mbele ilitoka juzi tu. Hawakuangalia." Alisimamisha kiganja chake wima juu ya ardhi. "Balisimamisha bunduki kando yake, hivi, kitako chini. Kichwa kikapita mudomo ya bunduki. Basi, bakaenda naye."

Akaniwekea kiatu mkononi. "Wako, umubebe. Usimutembeze," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Mvua ilitukuta njiani. Mke wangu hakutaka kumweka chini hata alipochoka, na mimi sikuomba nimpokee.

Wiki iliyofuata tulimpeleka Bwera kwa bibi yake, maana suala la ziwa lilikuwa limeanza upya na mama mkwe alitaka kulisimamia mwenyewe. Njiani wanajeshi walikuwa wamefunga barabara, kama walivyokuwa wakifanya miezi ile. Mmoja wao, kijana mwenye uso mzuri, alichungulia dirishani akamwona mwanangu, akatabasamu, akamtazama kutoka miguuni kupanda juu.

"Hii kijana iko na miaka..."

"Miwili na miezi miwili, afande," nikasema kabla hajamaliza. "Miwili na miezi miwili."

Alicheka, akapigapiga bodi ya gari tupite. Mke wangu alikuwa ameshaikunja miguu ya mtoto ndani ya leso, magoti yakagusa kidevu. Mimi nilikuwa naiangalia bunduki ya yule kijana, iliyosimamishwa mchangani karibu na kiatu chake. Niliipima kwa macho, kutoka kitako mpaka mdomo. Gari likaanza kusogea, nikageuka, nikaipima tena.